Mchezo wa Zvonko Hewani

Ljubinka ndiye aliyeufuta mchezo wa kompyuta alioutunga mwanawe, Zvonko. Aliikuta kaseti mezani pake, akaisikiliza, ikapiga kelele kama msumeno juu ya bati. Akadhani imeharibika, akarekodi juu yake ibada ya arobaini. Mladen, rafiki wa marehemu aliyemwita Ljubinka shangazi kwa heshima, alimweleza baadaye kwamba kelele ile ndiyo mchezo wenyewe. Kompyuta huisikiliza na kuigeuza picha.

"Aha," alisema Ljubinka, akaendelea kukunja mashuka.

Nakala iliyobaki ilikuwa kwenye kituo cha redio. Zvonko aliipeleka kabla ya ajali iliyomuua, kwa kuwa mtangazaji mmoja alikuwa akirusha hewani michezo iliyotungwa na vijana, na wasikilizaji kote Yugoslavia wakiirekodi majumbani. Kaseti zenyewe hazikurudishwa. Jumamosi hii ilikuwa zamu ya Zvonko, mara moja tu.

Mladen aliunganisha redio na kinasa sauti kwa waya. Ghorofa ya juu mashine ya kufyonza vumbi ikaanza kunguruma, na redio ikakwaruza. Akatoa kichwa dirishani.

"Bibi Desanka! Zima hiyo mashine, tafadhali!"

"Wee mwenye nywele ndefu kama za bibi harusi! Vumbi langu linakuhusu nini?"

"Inatia mikwaruzo redioni. Wanarusha mchezo wa Zvonko!"

Mashine ikazimika. Kisha: "Si ungesema mapema, mwanangu? Nazima na friji."

Mtangazaji alitaja jina la Zvonko na mji wa Zrenjanin, akamtakia kila la heri katika masomo. Hakuwa na habari. Kelele ikaanza. Ljubinka aliketi, mikono mapajani, akingoja kifua kimbane. Hakikubana. Aliwaza kwamba mapazia yanataka kufuliwa.

Kelele ilipokoma, Mladen aliirudisha kaseti mwanzo, akaicheza ili isikilizwe na kompyuta ambayo Zvonko aliiunda mwenyewe. Runinga iliyounganishwa nayo ikabaki nyeusi.

"Ikikataa, shangazi, basi tena."

"Najua."

Ghafla zikatokea ngazi, na chini yake kijitu cha vipande vya mraba, kimeshika ndoo.

"Imekubali! Shangazi, imekubali!"

"Huyu anafanya nini?"

"Anapandisha makaa nyumbani. Paka wa Bibi Desanka wakimgusa, anakufa."

"Anakufa?"

"Ana roho tatu. Zikiisha, anaanza upya."

Ljubinka alikitazama. Hakikufanana na Zvonko. Hakikuwa hata na uso. Mladen alipeleka kidole kwenye kitufe cha kuanzia.

"Usibonyeze."

"Hutaki kuona anavyopanda?"

"Usipobonyeza, hao paka wanakuja?"

"Hapana. Anasimama tu, anangoja."

"Basi mwache asimame."

Akaenda jikoni kumenya viazi. Mlango hakuufunga, alivuta kiti mpaka mahali ambapo runinga ilionekana, akaketi.