Mlango wa Buluu wa Kizingitini

Jumatatu, saa tatu asubuhi, Mwanamkisi alikalishwa kwenye kiti cha mradi wa macho mjini Lamu, akaombwa aonyeshe kwa kidole herufi nyeupe iliyobandikwa kwenye ubao mweusi. Alikuwa mshona makubadhi wa Siyu, kipofu kwa miaka kumi na mmoja. Wiki sita nyuma watafiti walikuwa wamempachika kidude chembamba kama gamba la dagaa kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Miwani yenye kamera ingekipa kidude picha, nacho kingezipeleka kwenye ubongo.

Daktari Cherono akaiwasha miwani.

"Unaona nini, Bi Mwanamkisi?"

"Naona mwanamke anapara samaki. Nyuma yake pana mlango."

Daktari aliiweka kalamu chini.

"Mlango wa rangi gani?"

"Buluu. Chini umeliwa na mchwa."

Cherono aliizima miwani. Alisema ubongo uliokaa gizani muda mrefu hubuni mambo, na kwamba ingefaa haya yasitoke nje. Mwanamkisi hakubisha. Lakini mtu anayedhani umebuni mlango hakuulizi rangi yake, na safari nzima ya kurudi Siyu alilirudiarudia swali lile.

Nyumbani alimwomba dada yake Lubna, mwalimu wa madrasa, amsomee upya ile fomu aliyoitia dole gumba. Ukurasa wa tisa, kwa maandishi madogo, ulisema kidude ni mali ya mradi na kinaweza kutumika tena.

"Kutumika tena baada ya nini?" Mwanamkisi aliuliza.

Lubna aligeuza ukurasa. Hapakuwa na zaidi.

Siku zilizofuata, kila alipoiwasha miwani aliyopewa aende nayo, picha zilizidi kuwa wazi. Aliona beseni la kamba wabichi, mnara wa msikiti, na yule mwanamke akicheka kwa aibu. Lubna alipoelezwa ule mnara alisema ni wa Kizingitini, basi Alhamisi wakapanda pikipiki wakaenda. Waliposhuka, Mwanamkisi aliuachia mkono wa dada yake.

"Ndia ni hii," alisema, akatangulia. Alikata kona tatu, akainama kukwepa boriti iliyochomoza, akapiga hodi kwenye mlango wa buluu.

Aliyefungua alikuwa Fahima, mke wa Muhdhar, mvuvi wa kamba. Alisema mumewe aliwekewa kidude kama hicho miaka miwili iliyopita. Alirudi nyumbani akawa anaona kwa muda wa mwezi mzima, kisha mradi ukamwita kwa marekebisho. Tangu hapo Fahima huambiwa mumewe yuko ng'ambo na anaendelea vizuri.

Mwanamkisi alimweleza anachokiona. Fahima alitandika mkeka, akawakaribisha, akaketi mbele ya miwani.

"Alikuwa akinitazama?"

"Hakutazama kingine, mwanangu."

"Na mwisho?"

Hilo Mwanamkisi alikuwa ameliona juzi, wala hakumwambia hata Lubna.

"Taa kubwa juu. Mwanamke amevaa barakoa. Amemfumba jito moya. La pili ameliacha wazi."

Fahima akauliza ni jicho lipi lililoachwa wazi. La kulia, akajibiwa; ndilo Muhdhar alilowekewa kidude. Imamu, Bwana Abdulwahid, alipoitwa naye aliuliza hilohilo tu, na kesho yake baada ya Ijumaa akasalisha sala ya ghaibu, ya maiti asiyekuwepo. Fahima akaingia eda.

Lubna aliandikia mradi barua. Jibu lilikuja na mhuri: Bwana Muhdhar anaendelea vizuri, na Bi Mwanamkisi anahitajika Lamu kwa marekebisho.

Mwanamkisi hakwenda. Alirudi kwenye ngozi zake, akishona kwa kupapasa kama zamani, maana kuliona jiko la Fahima hakukumsaidia kupata tundu la sindano.

Mwezi uliofuata mradi ulifungua chumba cha matibabu Matondoni, kisiwani Lamu. Lubna alivuka kwenda kuwaonya watu. Aliwakuta vipofu kumi na wanne wamepanga foleni tangu baada ya sala ya alfajiri, akawasimulia yote, hata lile jicho lililoachwa wazi. Walimsikiliza kwa adabu. Mzee wa mbele, fundi wa mashua aliyeitwa Dawud, alimwombea marehemu rehema, wenzake wakaitikia amina.

"Na hayo ayaonayo dadako," Dawud akauliza, "yaonekana wazi?"

"Wazi," alisema Lubna.

Mlango ukafunguliwa, na Dawud akaingia.