Msitu wa Mkasi wa Kucha

Mume wangu Rodney alianza na duara moja tu la reli ya treni ndogo kuzunguka stroberi zangu, mwaka ambao binti yetu Bryony alitimiza miaka sita. "Ni ya siku moja, kwa ajili ya sherehe," alisema. Keki ikaliwa, watoto wakarudi kwao, na Bryony akaichoka treni kabla hata ya Krismasi. Baba yake hakuichoka.

Majira ya kuchipua yaliyofuata, reli ilitoka kwenye stroberi ikaingia kwenye maharage. Mwaka wa tatu ikapata daraja la matofali. Mwaka wa tano nilitoka kwenda kung'oa vitunguu nikakuta handaki limepita chini yake, na Rodney kapiga magoti pale, matope mpaka viwikoni, ananiambia vitunguu havitasikia kitu. Bandu bandu huisha gogo. Yeye alikuwa fundi bomba, kazi yake mchana kutwa ni kupiga magoti chini ya masinki ya watu, na akifika nyumbani anapiga magoti tena kwa raha zake. Hapa kwetu Shropshire, Uingereza, mpakani na Welisi, mwanamume akiwa na bustani lazima awe na wazimu wa aina fulani. Wa jirani ulikuwa maboga. Nilijihesabu nimepona.

Vita vyetu vya kweli vilianza kwa sababu ya waridi. Treni yake ilikuwa ndogo mara kumi na tisa kuliko treni ya kweli, na kila kitu kando ya reli ilibidi kifuate kipimo hicho hicho.

"Thel," akaniambia siku moja, amesimama na rula mkononi, "kwa abiria wa stesheni yangu, waridi lako hili ni refu kuliko mnara wa kanisa."

"Waambie wainue shingo."

"Usinicheke, bibi wewe. Treni inapita chini ya ua lenye ukubwa wa nyumba. Ni aibu."

"Aibu ni mtu mzima kuwasemea abiria wa bati."

Lakini maneno yake yaliniingia. Jumamosi ile nilinunua msonobari mmoja wa aina ile isiyorefuka, nikaupanda nyuma ya stesheni ili nimfunge mdomo. Ukaonekana mti kweli, ila matawi ya chini yalikuwa mazito mno. Nikachukua mkasi wangu wa kucha, nikakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, nikayapunguza moja moja. Kufikia vuli misonobari ilikuwa sita. Chini yake nikapanda thaimu, ile ile ya kuungia mchuzi, maana majani yake ni madogo na ukiyakata vizuri yanakuwa vichaka. Nilianza kwa hasira nikaishia kwa mapenzi, jambo ambalo ni kinyume cha ndoa nyingi ninazozijua.

Hivyo ndivyo ilivyokwenda kwa zaidi ya miaka thelathini. Yeye reli, mimi msitu. Misonobari ilifika arobaini na sita. Mikasi ya kucha niliimaliza sijui mingapi. Kila Juni tulifungua geti, nao wenzake wa chama cha treni za bustani wanakuja na visibao vyao, wanakula keki yangu ya limau, wanachuchumaa na kusifia. Wanasifia nini? Injini. Mvuke wa kweli, maji yanachemka kweli, filimbi inalia kweli. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza nani alikata ule msitu. Nadhani walidhani miti imejiotea kwa adabu. Rodney naye hakusema neno. Niliwaongezea chai huku moyoni nikiwatukana, wa kwanza kabisa mume wangu.

Mwaka alipotimiza sabini na nne, tulikwenda kumtembelea Mervyn, mwenzake wa chama. Mervyn magoti yalikuwa yamemshinda, na wakifikia hapo wenye treni za bustani wana dawa yao: wanaing'oa reli ardhini na kuipandisha juu ya mbao na nguzo, usawa wa kiuno, waendeshe wamesimama. Reli ya Mervyn ilizunguka uwanja mzima juu ya miguu ya mbao, haina jani wala kokoto, tupu kama meza ya mchinjaji siku ya Jumapili. Mervyn aliifurahia sana. Rodney aliitazama kwa heshima, akanywa chai yake, na njia nzima ya kurudi nyumbani hakufungua mdomo.

Wiki tatu baadaye, mezani, akiwa anapaka siagi kwenye mkate, akasema, "Nafikiri reli imetosha, Thel. Nimeichoka. Tuiondoe, tupande nyasi."

"Umeichoka?"

"Kila kitu kina mwisho wake. Nimeshaongea na mtu. Ataleta kontena la taka Jumatatu ya kwanza ya Septemba."

"Sawa," nikasema.

Sawa! Mtu anakwambia kazi yako ya zaidi ya miaka thelathini ataitupa kwenye kontena pamoja na vigae vibovu, nawe unasema sawa na kumsogezea jemu. Ndivyo tulivyolelewa. Niliosha madirisha yote ya nyumba siku ile, ndani na nje, na ya banda pia. Usiulize nililia au sikulia. Niliona wazi kwamba msitu wangu kwake ulikuwa pambo la treni, na pambo halina thamani mwenye sherehe akishachoka. Nikaacha kutoka nje. Thaimu ikarefuka, misonobari ikaota manyoya, nami nikapita dirishani kama siioni.

Wiki ya mwisho ya Agosti nilikwenda mjini kwa daktari wa meno. Nikakuta miadi imeahirishwa, nikarudi kwa basi lililofuata. Nyumba ilikuwa kimya. Nikasikia filimbi ya injini bustanini, kisha ikakatika, kisha sauti ya Rodney ikisema neno ambalo sitaliandika.

Nilimkuta amelala kifudifudi katikati ya thaimu, kidevu juu ya mikono, viatu vimenielekea.

"Rodney! Umeanguka?"

"Sijaanguka. Nimelala."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu ulipoondoka. Kushuka niliweza. Kuinuka ndiyo habari nyingine."

Muda wa saa moja na nusu! Nikamshika kwapani, nikavuta. Mimi nina kilo hamsini na tano na yeye amekula keki yangu maisha yake yote. Nikavuta tena, akaguna, goti likatoa mlio kama kijiti kikavu kinavunjika, nikamwachia.

"Ni magoti," nikasema. Nilikuwa nimeelewa ghafla, na kwa aibu. "Zile siku ulizokuwa ukikaa chini nusu saa, ukisema unatafuta skrubu..."

"Hakukuwa na skrubu."

"Nimwite Gaynor hapo jirani."

"Usimwite Gaynor, nakuomba. Kijiji kizima kitajua kabla ya chakula cha mchana. Nipe dakika tano tu."

Nilichoka kusimama. Nikakaa, kisha mgongo ukaniuma, nami nikajilaza ubavuni pake, na gauni langu zuri la kwenda mjini. Akageuza swichi ndogo ya kuiongozea treni iliyokuwa mkononi mwake, injini ikaanza kuja kutoka upande wa daraja.

Sasa niseme jambo ambalo mpaka leo linanishangaza. Miaka yote ile nilikuwa nimeukata msitu ule kutoka juu, nimekaa kwenye ndoo. Sikuwahi hata siku moja kuweka jicho langu chini. Nilipolaza shavu kwenye udongo, nyumba yetu ilipotea, ua wa jirani ulipotea, na mbele yangu palikuwa na msitu. Msitu mkubwa. Mashina yalikuwa na magamba, mwanga ulikuwa ukiingia kwa vipande katikati ya matawi niliyoyapunguza mimi, na vichaka vya thaimu vilikwenda mpaka mbali kwenye kiza. Treni ikatokea kwenye miti, ikatupita usoni, mvuke ukatanda katikati ya mashina ukabaki hapo, haukutaka kuondoka. Niliziba mdomo kwa mkono.

"Hivi ndivyo unavyoiona?" nikauliza.

"Hivi ndivyo nilivyoiona siku zote. Kwani unadhani nilikuwa nalala chini kutazama reli? Reli ni chuma, Thel. Chuma nimekitazama kazini miaka arobaini."

"Hujawahi kuniambia."

"Nilidhani unajua. Si umeupanda wewe?"

Nikataka kumpiga na kiatu. "Na kuchoka kwako je? Nyasi zako? Kontena lako?"

Aliifuata treni kwa macho mpaka ikapita tena. "Kwa Mervyn uliiona ile reli," akasema. "Ni kuwa kama yeye au kuiacha. Siwezi tena kushuka huku, na nikiipandisha reli juu ya mbao, miti yako inabaki chini peke yake. Nitakuwa naendesha treni hewani kama mwehu, nawe huna sababu ya kutoka nje kukaa na mimi. Nikaona bora nisiwe nayo kabisa. Nikaona ukijua ni magoti utaniambia nipandishe tu, utajifanya hujali. Nakujua."

Ningemwambia hivyo hivyo. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Nikamshika mkono uliojaa udongo, nikamwambia nampenda na kwamba ni mjinga, kwa mpangilio huo. Halafu nikajaribu kuinuka ili nimwinue, nikagundua hata mimi siwezi.

Gaynor alitukuta hivyo, alipokuja kurudisha bakuli langu. Ni jirani wa upande wa kushoto, mjane, sauti yake haihitaji simu.

"Mungu wangu! Mmekufa?"

"Bado," nikasema.

"Basi kuna vitanda, jirani! Kwa umri wenu!" Alicheka mpaka akakaa kwenye ile ndoo yangu. Ndipo akatuinua, mmoja mmoja, na kijiji kizima kikajua kabla ya chakula cha mchana.

Jioni ile nilimpigia mimi mwenyewe yule mtu wa kontena. Nikamwambia taka hatuna, ila kama anaweza kutuletea udongo, alete lori.

Rodney alipinga. Alisema ni kazi ya vijana, nikamwambia vijana hawana akili ya kuifanya. Reli ingepanda, na msitu ungepanda nayo. Alijenga kuta za matofali usawa wa kiuno, amekaa kwenye kiti cha jikoni, safu kwa safu. Mimi na Gaynor tulisomba udongo kwa toroli, naye Gaynor kila safari ana kichekesho kipya kuhusu ile siku. Ilituchukua mwaka mzima na nusu. Misonobari niliihamisha wakati wa baridi, kila mmoja na udongo wa mizizi yake umefungwa gunia, kama mtoto aliyetoka kuoga. Kumi na mmoja ilikufa. Niliililia bila kujificha, na Rodney akanipikia supu.

Aprili iliyofuata tuliwasha injini. Hatukualika mtu wa chama. Treni ilizunguka mara mbili vizuri, ya tatu ikafika mahali ambapo udongo ulikuwa umetitia, ikayumba, ikaanguka ubavu ndani ya thaimu yangu changa. Rodney alikuwa upande wa pili. Mimi nilikuwa karibu, nimesimama kwa miguu yangu miwili, na bila kufikiri nikanyoosha mkono nikaikamata. Sikuwahi kuigusa injini ile maishani mwangu.

"Thel, acha! Ni ya moto!"

Nilikuwa nimeshajua. Alikuja mbio, kwa mbio alizobakiza, akanishika kiwiko akanipeleka kwenye bomba la nje, akafungua maji, akaviweka vidole vyangu chini yake na kuvishikilia kwa mikono yake yote miwili.

"Vidole hivi," akasema, akivitazama. "Miaka yote nimevitazama vikikata jani moja moja, watu wanakuja wanasifia bati langu, nami nakaa kimya kama jiwe. Sijawahi kusema asante."

"Basi sema."

"Asante, Thel. Ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona."

Nyuma yetu injini ilikuwa ikitokota kwenye thaimu, mvuke unaisha, na hakuna aliyekwenda kuiinua.

"Bado vinauma?" akauliza baadaye, hajaviachia.

Vilikuwa vimeacha kuuma kitambo.

"Bado," nikasema.