Usikaze Ikiwa Imezimwa

Wateja wa Mama Nati walikuwa na kosa moja, wote, na alikuwa amechoka nalo kama mtu anavyochoka na jirani anayegonga kila siku kuomba chumvi. Kahawa inatoka mbio, nyepesi, chachu. Mwenye nyumba anapandwa na hasira, anashika ile pete ya mashine ya kusagia, inayosogeza meno yakaribiane ili unga uwe laini, na kuikaza kwa nguvu zake zote, mashine ikiwa imezimwa na punje zimebanwa katikati ya meno. Akiwasha, mota inaguna mara moja na kunyamaza. Hapo ndipo fundi anapotafutwa kwa simu kumi mfululizo.

"Wewe si mwalimu wa hesabu?" alimuuliza mteja wa asubuhi ile, akiwa juu ya kigoda jikoni kwake, ghorofa ya tatu. "Basi andika kwenye hilo daftari lako. Usikaze ikiwa imezimwa. Kulegeza, legeza utakavyo. Kukaza, iwashe kwanza, uikaze inazunguka."

Mwalimu akaandika kweli. Alikuwa mwembamba, mpole, mtu wa miwani na kalamu mfukoni hata akiwa nyumbani, na daftari lake la kahawa lilikuwa na safu zilizopigwa kwa rula: gramu kumi na nane, sekunde kumi na mbili, chachu, gramu kumi na nane, sekunde kumi na moja, chachu zaidi, gramu kumi na nane, haikuwaka. Mama Nati alilisoma akacheka mpaka akafuta machozi kwa kiganja.

Kazi yenyewe haikumsumbua. Alifungua, akatoa meno, akasugua unga ulioganda kwa mswaki, akarudisha. Akawasha bila punje, akaikaza pete taratibu mpaka meno yakagusana na kutoa kilio chembamba, kisha akairudisha nyuma alama mbili. "Na kikombe cha kwanza baada ya kurekebisha, mwaga," alisema. "Humo ndani bado kuna unga wa jana. Watu wanakionja, wanadhani nimewadanganya."

Alikuwa anaongea sana kwa sababu hakutaka kufikiri. Alipokuwa akipanda ngazi asubuhi ile alipishana na dada wa mwalimu, akishuka kwenda dukani. Kisigino cha kiatu chake cha kushoto kilikuwa kimelegea, kinagonga mara mbili kwa kila hatua, na Mama Nati, ambaye hawezi kuona kitu kilicholegea akanyamaza, alimwambia.

"Kisigino chako hicho kitakuangusha, mwanangu."

"Shikamoo, Mama Nati. Nafuata maziwa mara moja, kaka anasema leo mashine inapona. Umenisahau?"

"Watu ni wengi," alisema Mama Nati, akajitia hamnazo.

Hakuwa amemsahau. Mwaka juzi aliitwa nyumbani kwa huyu dada na mumewe, mashine kama hii hii, na huyu dada ndiye aliyemletea maji ya kunywa, jicho moja limefumba, limevimba, zambarau. Mama Nati aliyanywa yale maji. Alirudisha glasi, akashukuru, akauliza punje za kahawa zinawekwa wapi. Kanuni yake ilikuwa kwamba ndani ya nyumba ya watu fundi anaona mashine tu, na kwa kanuni hiyo alikuwa amefanya kazi miaka thelathini bila ugomvi na mtu.

Mlango uligongwa kwa adabu, mara tatu. Mwalimu akadhani ni jirani, akaenda kufungua. Aliingia mwanaume mrefu, shati limepigwa pasi vizuri, na nyuma yake dereva wake, mtu ambaye shingo yake ilikuwa imezama mabegani.

"Shemeji, habari za asubuhi," alisema yule mrefu, na kabla mwalimu hajaitikia akampiga ngumi ya uso. Miwani ilivunjika. Mwalimu alirudi kinyumenyume mpaka jikoni, akaangukia meza.

"Mke wangu yuko wapi?"

"Sijui. Hayupo hapa."

Shemeji alimwinua kwa kola akampiga tena, safari hii tumboni, kisha mbavuni alipokunjamana. Mwalimu alipiga kelele. Ilikuwa sauti ya ajabu kutoka kwa mtu mpole namna ile, na ilitoka moja kwa moja kupitia dirishani, kwenye uwazi ambako majirani huanika nguo na kupashana habari.

"Bosi, watu watasikia," alisema dereva. Alifunga dirisha, lakini komeo lake lilikuwa bovu, likabaki wazi kidogo.

Ndipo shemeji alipogeuka na kumwona mwanamke aliyekaa juu ya kigoda na bisibisi mkononi. Alimtazama kidogo, kisha akatabasamu, tabasamu la kweli la mtu aliyekutana na mtu wake.

"Kumbe ni Mama Nati. Shikamoo."

"Marahaba," mdomo wa Mama Nati uliitikia wenyewe.

"Huyu usiwe na wasiwasi naye," shemeji alimwambia dereva. "Alikuja kwangu mwaka juzi. Aliona yote, hakuona kitu. Wangekuwa wote kama yeye tungeishi kwa raha." Akamgeukia. "Mashine imepona, mama?"

"Imepona."

"Basi iwashe. Endelea na kazi yako."

Aliiwasha. Mungu ndiye shahidi, mkono wake ulikwenda kwenye swichi kama ulivyokwenda mara elfu, na mashine ikanguruma, na chini ya mngurumo ule shemeji akaanza kazi. Alichukua kishikio cha chuma cha mashine ya spreso iliyokuwa kando, kizito, chenye mpini wa mbao, akampiga nacho mwalimu begani, kwenye goti, kwenye mbavu zile zile. Mama Nati aliona mdomo wa mwalimu ukifunguka na kufumba bila kusikia kinachotoka. Aliona jino likidondoka sakafuni na kuviringika mpaka mguuni kwake. Unga wa kahawa ulikuwa unamiminika, laini, mzuri, kazi safi kabisa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliichukia kazi ya mikono yake.

Punje zikipungua, dereva alimwonyesha mfuko kwa kidole. Aliongeza. Shemeji aliuliza, mwalimu akatikisa kichwa, kishikio kikapanda na kushuka. Damu ilikuwa imefika kwenye daftari lililoanguka wazi.

Mama Nati alitazama saa ya ukutani. Kwenda na kurudi dukani ni nusu saa, dakika arobaini kukiwa na foleni. Zilikuwa zimepita thelathini na tano. Hapo ndipo alipoelewa: mngurumo huu haukuwa unawazuia majirani kusikia tu. Yule dada akifika geti la chini atausikia, na utamwambia kwamba mashine imepona na kaka yake anamsubiri. Atapanda akifurahi. Atafungua kwa ufunguo wake mwenyewe, maziwa mkononi, ataingia. Mwalimu alikuwa anapokea kipigo kile chote ili siri isitoke, na siri yenyewe ilikuwa inapanda ngazi.

Alizima mashine.

"Vipi?" alisema shemeji, anahema.

"Naongeza punje."

Alimimina konzi mbili. Kisha akaishika pete kwa mikono yote, mashine imezimwa, punje zimejaa katikati ya meno, akaikaza. Aliikaza kwa nguvu za wateja wake wote wajinga wa miaka thelathini, mpaka kifundo cha mkono kikalia. Akabonyeza swichi. Mota iliguna mara moja, ikanyamaza, na harufu ya waya ulioungua ikapanda.

"Imekwama," alisema.

"Ikwamue."

"Lazima niifungue."

"Ifungue upesi." Shemeji alimtia mwalimu kitambaa cha vyombo mdomoni na kusimama juu yake, akipangusa mkono wake kwenye suruali.

Mama Nati alifungua. Alizungusha pete ikatoka, akanyanyua kipande cha juu chenye meno, chuma kitupu, kizito kama jiwe la mizani, kingo zake kali. Jikoni kulikuwa kimya, mwalimu akipumua kwa pua iliyojaa damu. Kimya kile kilileta sauti kutoka mbali: geti la chini likijifunga. Kisha hatua ngazini. Moja, na moja iliyogonga mara mbili. Moja, na moja iliyogonga mara mbili.

Shemeji hakushtuka, kwa sababu jengo lilikuwa na watu wengi. Mwalimu alizitambua. Macho yake yalimtafuta Mama Nati, na yalikuwa yanamwomba.

"Hebu nione," alisema shemeji, akainama juu ya mashine.

Mama Nati alimpiga usoni kwa kile chuma. Hakulenga, aliupeleka mkono tu na uzito wote wa chuma, ukampata chini ya jicho, nyama ikachanika mpaka karibu na mdomo. Na mwanamke ambaye hakuwahi kusema neno katika nyumba ya mtu akafungua kinywa akapiga ukelele uliotikisa vikombe rafuni.

"Usipande! Rudi, mwanangu, yuko humu! Usipande!"

Dereva alimfikia. Alimkamata mkono wenye chuma akaugongesha kwenye ukingo wa meza, mara moja, mara mbili, na vidole viwili vikavunjika kwa sauti aliyoisikia vizuri kabisa. Chuma kilianguka. Mama Nati hakuacha kupiga ukelele. Shemeji, uso mzima damu, alimpiga ngumi ya mdomo, naye akaanguka kutoka kwenye kigoda, na akiwa chini, na ladha ya chumvi kinywani, aliendelea kwa sauti iliyobaki. Nje ya mlango kitu kilianguka na kupasuka. Hatua zikageuka. Zikashuka mbio, kisigino kikigonga vibaya, kisha hakikugonga tena. Alikuwa amevua viatu.

Shemeji alikimbilia mlangoni. Mwalimu alimkumbatia mguu. Yule mtu wa kalamu na rula, mbavu zimevunjika, kitambaa mdomoni, alijifunga kwenye mguu ule na kuburutwa, akapigwa teke la kichwa, akapigwa la pili, asiachie. Alipoachia, milango ilikuwa inafunguka ghorofa zote. Shemeji alitoka mbio, akakanyaga maziwa, na ngazi alizishuka kwa mgongo na kichwa. Fundi wa kuchomelea wa ghorofa ya pili, akitoka na nondo mkononi, alimkuta ameshafika miguuni kwake, paja limepinda pasipo na kiungo. Mama Nati alisikia yowe lake na lilimfurahisha. Hakuona haya.

Dereva alinyoosha mikono juu bila kuambiwa.

Polisi walipofika, mwalimu alikuwa amelazwa kwenye machela, uso hautambuliki, akiwauliza wanaombeba kama dada yake ameonekana. Ameonekana, walimwambia, yuko kwa mwenye duka, peku, hana hata mkwaruzo. Mwalimu alilia hapo hapo mbele ya watu.

Askari kijana aliingia jikoni, akaruka damu na punje zilizotapakaa, akamkuta mwanamke wa makamo ameketi juu ya kigoda, mkono umefungwa taulo, mdomo umevimba.

"Shikamoo, mama. Wewe ni nani kwao?"

"Mimi fundi tu. Nilikuja kutengeneza mashine."

"Pole sana. Umeona chochote?"

Mama Nati alitazama meno ya chuma yaliyolala sakafuni karibu na jino la mwalimu. Alisogeza kiti kingine kwa mguu.

"Kaa, mwanangu, uandike," alisema. "Tuanze na mwaka juzi."