Kidonda Chenye Mdomo

Fundi cherehani alikuwa akipinda suruali ya mteja wakati kovu la mkono wake wa kushoto lilipoanza kuongea. Lilikuwa kovu la moto, la tangu utotoni, lililokunjamana kutoka kiwiko hadi kiganja. Hivi karibuni lilikuwa limetoa kidonda kidogo kisichotaka kupona. Sasa kidonda hicho kilisema, kwa sauti ya mtoto wa kike: "Kaka, usinisukume!"

Mteja aliuliza suruali itakuwa tayari lini.

"Kesho jioni," alijibu fundi.

"Kaka, usinisukume!"

Mteja alisema kesho jioni ni sawa.

Tatizo lilikuwa moja tu. Katika ukoo wake ilijulikana kwamba fundi alianguka motoni mwenyewe, kwa utundu. Kaka yake alikuwa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu hasukumi watu motoni, hata akiwa na miaka tisa. Alifika na bandeji, akamfunga dada yake mkono mpaka sauti ikafifia.

"Baba, kidonda cha Shangazi kinanuka," alisema binti yake. "Tumpeleke hospitali."

"Kidonda chenye mdomo namna hii? Kikaongee mbele za watu? Akitulia, nacho kitatulia."

"Kaka, mimi nimetulia maisha yangu yote," alisema fundi.

"Basi uendelee hivyo hivyo, mdogo wangu."

Tangu hapo hakuna aliyefungua bandeji kukitazama, maana kukifungua ni kukipa nafasi. Kidonda kikakua gizani, kingo zake zikaumuka kama mkate, na sauti ikarudi. Wateja walikizoea. Mmoja alikiomba kipunguze sauti, ana mtoto amelala mgongoni.

Binti alipompeleka shangazi yake hospitali kwa siri, kwapani palikuwa na mitoki, vivimbe vigumu vya tezi. Daktari alifungua bandeji, akakiacha kidonda kimalize kusema, akakata kipande cha kupima.

"Ni saratani ya ngozi," alisema majibu yalipotoka. "Huweza kuota kwenye kovu la zamani la moto. Mngekuja mapema ningekata kidonda. Sasa nakata mkono, na siahidi kwamba itatosha."

"Na ile sauti?" aliuliza binti.

"Sauti haina ubaya."

Siku ya upasuaji Mwalimu Mkuu alivaa suti, akaketi kwenye benchi la korido. Mkono ulipita ndani ya ndoo yenye kifuniko, ukipelekwa kwenye tanuri la hospitali, bado ukimwita. Alikunja miguu ili ndoo ipite.

Wodini, jirani aliyekuja na wenzake kumjulia hali aliinama kitandani. "Pole sana, dada. Hasa ilikuwaje?"

"Utundu wa utotoni," alisema Mwalimu Mkuu, akimvutia dada yake shuka vizuri.

Watu walitikisa vichwa, kisha wakamgeukia mgonjwa. Fundi alifungua mdomo wake mwenyewe, ambao haukuwa umewahi kufanya kazi ya kile kidonda, akaomba maji.