Mafundo ya Ndani

Nimeshona magauni ya maharusi miaka ishirini na miwili, na hakuna nguo iliyowahi kunishinda. Kwa hiyo nilipochukua sindano za kufumia kwa mara ya kwanza nilijipa siku mbili kumaliza jozi moja ya soksi za baba. Zilinichukua wiki tatu. Kitu cha kwanza nilichofuma, jirani yangu alikigeuza huku na huku, kisha akauliza kama ni kofia ya chupa.

Jirani huyo mtaa mzima unamwita Mama Sweta, kwa sababu anafuma sweta za shule, na mdomo wake una ncha kuliko sindano zake. Nilimwomba anifundishe, sikumwomba anifumie.

“Fundi mzima unajisumbua nini?” akasema. “Nikimaliza sweta hizi nitamfumia mzee wako mimi mwenyewe.”

Nikakataa. Sababu sikumwambia.

Sababu ilikuwa kifungo. Baba anaishi nami, ana kisukari, na nyayo zake zimekufa ganzi. Mwaka jana kifungo cha blauzi kilidondoka mezani kwangu kikaingia ndani ya kiatu chake, kilichokuwa chini ya cherehani. Akakivaa. Alitembea na kile kifungo siku tatu bila kusikia chochote, na tulipokuja kugundua, kidole cha mwisho cha mguu wa kulia kilikuwa kimeshaoza. Kikakatwa. Baba hakunilaumu hata kwa neno moja. Tangu siku ile jambo lile halikutajwa nyumbani, na ukimya huo uliniuma kuliko matusi.

Mwaka huu muuguzi wa kliniki hakutuficha kitu. Soksi za dukani zenye mpira wa kubana tuzitupe, mzee avae laini, zisizo na chochote cha kumsugua. “Mguu huu hauwezi kumwambia kitu,” alisema. “Likitokea donda jingine, safari hii hatutazungumzia kidole.” Akatupangia siku ya kurudi, Jumatatu baada ya wiki nne.

Basi nikaona niliyeharibu ndiye nitengeneze.

Mama Sweta alinipa mabaki ya uzi laini, wa kijivu na wa buluu, vipande vifupi vifupi. Kwenye cherehani mimi ndiye bosi, lakini hapa vitanzi vilinitoroka kama kuku walioona mlango wazi. Nilifuma nikafumua, nikafuma tena nikafumua tena. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama mpaka shingo ikakakamaa. Siku kisigino kilipokubali kukunja kona, niliacha kazi za wateja nikakaa nikikitazama tu. Mteja mmoja aliingia, akaniona nikikichekea kisigino, akasema atarudi baadaye.

Nilimpa baba zile soksi Jumatatu moja asubuhi, wiki moja kabla ya kliniki. Moja ilikuwa na buluu nyingi kuliko nyingine. Akaziweka magotini sambamba.

“Hizi ni ndugu,” akasema, “ila si mapacha.”

Lakini alizivaa siku hiyohiyo, na kesho yake, na keshokutwa.

Baba alikuwa tarishi. Alisambaza barua kwa miguu miaka thelathini, na kwa maneno yake mwenyewe, hakuna mtu humu ndani wa kumfundisha habari ya miguu. Nyayo zake anazikagua mwenyewe kwa kioo kidogo, mlango ukiwa umefungwa. Nikitaka kuangalia ananiambia, “Mguu wangu si kitambaa, mwanangu.” Tatizo lake ni mavazi. Kila siku ya kufua nazikuta soksi zake zimegeuzwa, ndani nje. Marehemu mama alimgombeza kwa hilo mpaka akachoka, nami nikarithi kazi ya kuzirudisha.

Alhamisi nilikwenda kwa Mama Sweta kuanza jozi ya pili. Uzi wa buluu ukaniishia katikati ya mstari. Nikachukua wa kijivu, nikaunga kama ninavyounga uzi tangu nilipojifunza kushona: fundo mara mbili, nikalikaza kwa meno, nikalisukuma ndani lisionekane.

Mama Sweta akaacha kufuma.

“Unafanya nini hapo?”

“Naunga uzi.”

“Na zile za mzee uliunga hivyo?”

“Ndiyo. Mara nne.” Nikajibu kwa majivuno kabisa. “Mbili ziko kisiginoni. Lakini kwa nje huoni kitu.”

“Kwa nje,” akasema polepole. “Fundi, kwenye soksi uzi haufungwi fundo. Mkia wake unafichwa katikati ya vitanzi. Mguu uko wapi, nje au ndani?”

Nilikuwa nimeshainuka, na futi yangu ya kupimia ikining'inia shingoni. Siku nne. Kifungo kile kilihitaji tatu tu. Nilikimbia mtaa mzima nikiwa na kandambili moja, nyingine sijui ilibaki wapi, na kichwani nilikuwa nikisikia sauti ya yule muuguzi.

Baba alikuwa amekaa kizingitini, viatu miguuni, akisikiliza redio.

“Vua viatu.”

“Kumetokea nini?”

“Baba, tafadhali. Vua.”

Akavua, taratibu, huku akinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. Nikapiga magoti. Na hapo nikayaona mafundo yangu, yote manne, yametokeza nje ya soksi, ya buluu na kijivu, mabaya ajabu. Sikuelewa. Nikazivuta soksi, nikapitisha kiganja kwenye kisigino cha kulia, kisha cha kushoto. Ngozi ilikuwa kavu, nzima, hata wekundu hakuna.

“Umezigeuza,” nikasema.

“Nageuza zote. Mshono ukae upande wa kiatu, usikae upande wa ngozi. Matarishi wote tulivaa hivyo. Ukitembea kutwa, mshono wa soksi ni kisu.”

“Mbona hukuwahi kusema?”

“Mama yako nilimwambia. Akasema watu watatucheka. Basi yeye akawa anazirudisha, na mimi nazigeuza tena. Tuliishi hivyo miaka arobaini kwa amani.”

Nikaanza kucheka, na kicheko hakikufika mbali, kikageuka kilio. Nililia nimekishika kisigino cha baba yangu kwa mikono miwili. Nikamweleza habari ya mafundo. Kisha, kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshafunguka, nikamwambia, “Na kile kifungo kilikuwa changu, baba. Nisamehe.”

Akazima redio.

“Najua kilikuwa chako. Lakini tarishi hukung'uta viatu kabla ya kuvaa. Miaka thelathini nilikung'uta, siku ile sikukung'uta. Niliona haya kukwambia.”

Mwaka mzima kila mmoja wetu alikuwa amebeba mzigo uleule, chini ya paa moja. Nilishusha pumzi ambayo nadhani niliivuta siku ya kukatwa kile kidole.

Mama Sweta akafika akihema, kandambili yangu mkononi. Aliyatazama yale mafundo, akamtazama baba. Kisha akaomba kiti na sindano butu, akanionyesha namna ya kulifungua fundo na kuuficha mkia wa uzi.

Jumatatu muuguzi aliukagua mguu kila upande, akatuambia turudi baada ya miezi mitatu.

Siku ya kufua nilizikuta soksi zimegeuzwa, ndani nje. Nikazianika hivyohivyo.