Pombe ya Tarsisi na Daraja la Nyakivumu

Neno lilianzia kisimani. Walisema magogo mapya tuliyoyabeba wenyewe Jumamosi ya kazi za umma hayakuwekwa kwenye daraja la kijito Nyakivumu. Eti Tarsisi, mkuu wa mlima wetu, yaani kijiji chetu, ameyaezekea baa yake, na darajani amerudisha yale ya zamani akayafunika udongo. Nikajiambia ni umbea. Lakini mwanangu Arakaza alivuka pale kwenda shule, na neno lile halikunitoka hata nikipepeta maharage.

Nikateremka. Nikafukua udongo, nikadunga gogo kwa fimbo. Ikazama kama kwenye ndizi iliyoiva.

Burundi yetu ni ndogo, na mlima ni mdogo zaidi. Tarsisi ndiye baba wa ubatizo wa Arakaza, na mke wake ni dada wa Melansi, mume wangu; ndiyo maana tulimpa kura. Utamshtaki kwa nani? Hata hivyo, mkutanoni nilisimama nikasema.

Tarsisi akacheka. "Mama Arakaza, kumbe darasa la sita siku hizi linatoa mainjinia!"

"Silijui hilo, shemeji. Nimedunga, fimbo imeingia. Njoo udunge na wewe."

"Nitalibadilisha mvua ikikatika. Mimi nimuue mwanangu wa ubatizo? Jamani, leteni mtungi!"

Ukaja mtungi wa pombe ya mtama, mirija imo. Kwetu, mlalamikaji akinyonya pamoja na aliyelalamikiwa, shauri limezikwa. Ukilifukua, umemwita mwenzio mwongo mbele ya mlima mzima. Melansi akaitwa anyonye kwa niaba ya nyumba yetu. Nikamvuta shati.

"Usinywe, Baba Arakaza. Twende komini, kwa wakubwa wake wa serikali."

"Nikatae pombe ya shemeji yangu? Dada yangu atalala wapi leo?"

"Mwache mwanamume anywe!" jirani yetu Konsolata akapaza sauti. "Au kwenu mrija unaushika wewe?"

Watu wakaangua kicheko. Melansi akainama, akanyonya.

Kesho yake nikamzuia mtoto nyumbani. Na kesho kutwa pia. Melansi akarudi amenuna. "Watu wanauliza, kwani hatujapatana? Ukimficha mtoto ni kama unatema pombe tuliyokunywa." Siku ya tatu nikamfunga mtoto kitambaa cha kichwa, nikamwambia apite katikati ya daraja, asikimbie.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Gogo lilikatika yeye akiwa juu yake. Tulimkuta chini kwenye matete, hapumui, kitambaa bado kimefungwa.

Akaja mtu wa komini. Akauliza, "Hakuna aliyelalamika?"

Melansi ndiye aliyejibu: "Tulilalamika, tukayamaliza."

"Basi yakimalizwa mlimani, kwetu hayafiki," akasema yule mtu, akapanda pikipiki yake.

Wewe mwenye mtoto anayevuka maji:

Usikubali pombe ya kupatana kabla gogo halijabadilishwa, ukaliona kwa macho yako.

Usimpe kura ndugu kwa kuwa ni ndugu.

Usimwachie mumeo peke yake aseme kwa niaba ya nyumba.

Usiogope kicheko cha mkutanoni.

Usiache kwenda komini, hata kama shemeji atanuna.

Usimvushe mtoto ili majirani wanyamaze.