Majina ya Nyuma ya Kitabu

Latifa alijifanya anafuta vumbi. Kitambaa kilikuwa mkononi na mkono ulikuwa unakwenda na kurudi juu ya ubao uleule wa vitabu, ubao uliokwisha kung'aa tangu saa mbili asubuhi, lakini macho yake yalikuwa kwa yule mtu wa dirishani. Kitabu cha tano hicho. Mtu akakigeuza, akafungua jalada la nyuma, akachomoa fishi, ile kadi ya waazimaji, akashusha kidole polepole kutoka jina la kwanza hadi la mwisho. Akairudisha fishi, akafunga kitabu, akakipeleka mahali pake kwa adabu zote, kisha akachukua cha sita.

Niambieni nyinyi: mtu gani mwenye akili zake anakuja kwenye nyumba ya vitabu kila siku ya Mungu, wiki tatu mfululizo, asisome hata ukurasa mmoja? Mbele ya kitabu hakumhusu. Katikati hakumhusu. Alichotaka ni majina tu.

Katika maktaba ile ya mji wa Kasongo, kila kitabu kilibandikwa mfuko wa kaki nyuma ya jalada, kwa uji wa muhogo, na ndani ya mfuko kulikuwa na fishi ya karatasi ngumu. Anayeazima aliandika jina lake mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe. Ndivyo alivyoamuru marehemu papa Michel, mlinzi wa kwanza wa vitabu hivyo, kwa sababu aliyeandika mwenyewe hawezi kukana. Papa Michel alikufa, Latifa akakabidhiwa funguo, na huo ulikuwa mwaka wake wa pili. Alirithi vitabu elfu moja na mia moja, mchwa wasiohesabika, na majina ya watoto wa Kasongo ya miaka ishirini.

Yule mtu aliitwa Ruphin. Alisema hivyo siku ya kwanza, akaongeza kuwa anatoka upande wa Wamaza, basi. Alikuwa na ndala za plastiki, koti lililopauka mabegani, na vidole vya mtu wa jembe. Latifa alipomuuliza anatafuta kitabu gani, alijibu kuwa anaangalia tu. Anaangalia nini? Anaangalia tu, mama.

Basi hapo roho ya Latifa ilikataa. Tena msimwone mwanamke wa wasiwasi wa bure, kwa maana alikuwa na kaka, Amuri, aliyekuwa akipeleka chumvi na sabuni njia ya Salamabila. Siku moja watu wenye silaha walisimamisha wasafiri njiani, na mmoja wao alikuwa ameshika daftari la chama cha wachuuzi. Sijui alilipata wapi. Akashusha kidole kutoka juu hadi chini, polepole, akisoma. Waliosomwa walipelekwa porini. Amuri alisomwa. Miaka sita sasa, na mama yao mpaka leo akisikia pikipiki inapunguza mwendo mlangoni anasimama.

Latifa alikuwa amesimuliwa kile kidole na mtu aliyenusurika. Sasa alikuwa anakiona kwa macho yake.

Alimwambia Nourdine, dereva wa pikipiki aliyekuwa msomaji wa kila Ijumaa, amchunguze. Nourdine akarudi na habari ambazo hazikuwa habari. Mtu yule analala kwa mjane mmoja karibu na soko, anamkatia kuni, hanywi, hagombani, na akiulizwa amefuata nini Kasongo anasema ana kazi kidogo. Nourdine alikuna ndevu akasema mtu asiye na kosa lolote ndiye wa kuogopa. Maneno ya kipuuzi hayo ukiyatazama vizuri, lakini moyo wenye hofu hauchagui chakula.

Na sikukuu ilikuwa inakaribia. Maktaba ile haikumtoza mtu kitu mwaka mzima. Ila mpunga mpya ukishakatwa na kutwangwa, kila msomaji alileta bakuli lake la mchele uani, wakapika sufuria moja kubwa na kushukuru. Kuku walichinjwa na mkono wa Mwislamu ili asikose mtu kula, na sombe, majani ya muhogo, ilitwangwa na wamama wa kanisa. Kila mtu aliteka konzi ya mchele, akasimama mbele ya sufuria, akataja kwa sauti jambo moja analoshukuru, ndipo akautia kwenye maji ya moto. Ndiyo maana wali wa siku hiyo hauivi sawasawa, mwingine unapondeka na mwingine unalia menoni, na hakuna aliyewahi kulalamika. Siku hiyo mlango ungekuwa wazi, watu wangekuwa uani, na Ruphin angekuwa peke yake na majina.

Kwa hiyo siku moja kabla, baada ya sala ya alasiri, Latifa alifunga mlango kwa ndani na kuanza kazi. Alitoa fishi kitabu kwa kitabu, ubao kwa ubao. Hakuruka hata kamusi zilizochakaa, maana hakuwa mtu wa kazi nusunusu. Badala yake aliweka fishi mpya, tupu, alizokata mwenyewe kutoka kwenye karatasi ngumu. Kuanzia sasa wasomaji wangeandika namba, si majina. Zile za zamani zilijaa katoni mbili. Asubuhi ya sikukuu alizibeba jikoni uani, akazipanga chini ya kuni mbichi zilizokuwa zinagoma kuwaka, akapiga kiberiti. Ziliwaka vizuri sana. Alisimama pale mpaka ya mwisho ikajikunja, akasema kimoyomoyo: sasa njoo usome.

Ruphin alikuja kabla ya adhuhuri, na hakuja peke yake. Nyuma yake alikuwa mwanamke mwembamba mwenye kikapu kichwani na miguu iliyovimba kwa safari. Wamama wakampokea kikapu, wakampa maji, wakamketisha kwenye mkeka. Ndani yake mlikuwa na mchele mpya wa Wamaza, mweupe, umepepetwa hata hauna pumba moja. Latifa alimtazama yule mwanamke kwa mashaka yaleyale. Wamekuwa wawili sasa, aliwaza.

Watu wakaanza kushukuru. Nourdine alishukuru kwa sababu mwaka ulipita bila kuvunja mguu. Mwalimu mmoja alishukuru kwa mkewe aliyejifungua salama. Walicheka, wakaitikia amina, wakatia mchele. Halafu Ruphin akateka konzi yake na kusimama mbele ya moto.

Alianza kwa sauti ndogo hata wakamwambia apandishe.

"Mimi sijui kusoma," akasema. "Nilificha, sababu niliogopa mutanifukuza kwenye nyumba ya vitabu. Munisamehe. Nilikuwa na mutoto mumoja tu, Esther-Divine. Alisoma hapa Kasongo miaka mine. Akirudi likizo alikuwa anatuambia, papa, jina yangu inalala kwenye nyumba ya vitabu. Homa ilimubeba. Kisha vita ikakuja, tukakimbia, nyumba ikaungua na daftari zake zote. Hakuna kitu alibakisha, hata picha."

Moto ulikuwa unalia chini ya sufuria.

"Jina yake ndiyo neno moja tu ninajua. Alinifundisha kwa kidole, chini, kwenye muchanga. Wiki tatu niko naitafuta. Nimeipata mara saba. Nilimutumia mama yake habari, leo nimemuleta aione. Hilo ndilo ninashukuru."

Akatia mchele. Watu wote wakasema amina, na baadhi ya wamama walifuta macho kwa ncha ya kitenge. Latifa peke yake hakuitikia. Alikuwa anaangalia majivu yale meupe, mepesi, pembeni mwa mafiga, majivu ya karatasi, ambayo hayafanani na majivu ya kuni hata kidogo.

Angeweza kunyamaza. Nawaambia ukweli, wazo hilo lilimpitia: aseme mchwa, aseme mvua, aseme marehemu papa Michel. Lakini Ruphin alikuwa amekwisha kuelekea mlangoni mwa maktaba, akiwaomba kwa ishara wamama wamwache mkewe apumzike kwanza. Latifa akamfuata ndani, akasukuma mlango nyuma yake, akamwambia yote akiwa amesimama. Alimwambia habari za Amuri, kile kidole, katoni mbili, na kiberiti. Hakujitetea. Aliposema neno "nimezichoma" ilibidi alirudie.

"Zote?" Ruphin akauliza.

"Zote, papa. Hakuna hata moja."

Ruphin akakaa kwenye benchi la watoto, magoti yakamfika kifuani. Latifa alitamani amtukane. Alitamani ampige kofi, ampige hata mbili, apate kitu cha kulipia. Mtu yule hakufanya hivyo. Aliangalia mbao za vitabu moja baada ya nyingine, vitabu alivyokwisha kuvijua kwa rangi, kisha akasema taratibu kuwa mkewe, Odile, ametembea siku tatu.

Kutoka uani ilisikika sauti ya mwanamke ikiuliza mume wake yuko wapi.

"Uko na biki?" Ruphin akasema.

Latifa hakuelewa mara moja. Alipoelewa, alisogea mezani. Kalamu ya biki iliyokuwa pale ilikuwa inavuja wino kwa joto, lakini hakuwa na nyingine. Alichukua fishi tupu, akaandika Esther-Divine kwa mwandiko wake mzuri wa mlinzi wa vitabu, akamwonyesha.

"Hapana. Ya kwanza ilikuwa na mukia."

Akaandika tena, E yenye mkia.

"Murefu zaidi. Inapita chini ya zingine. Na wewe unainamisha. Yeye hakuinamisha, alisimamisha yote."

Mtu asiyejua kusoma alimsahihisha mlinzi wa maktaba, herufi kwa herufi, kidole chake kikichora juu ya meza namna mkia unavyozunguka. Fishi tatu ziliharibika. Ya nne Ruphin aliitazama kwa muda mrefu, midomo imebana.

"Ile," akasema. "Iko vile."

Akasimama mwenyewe, akachukua kitabu cha jiografia chenye jalada jekundu, mojawapo ya vile saba, Latifa akaingiza fishi kwenye mfuko wa kaki. Hapakuwa na muda wa kuwaza lingine. Mlango ulisukumwa, na Odile akaingia akiwa ameacha viatu nje, namna watu wanavyoingia mahali pa ibada.

Ruphin akamkalisha kwenye kiti cha Latifa, akafungua kitabu kwa nyuma, akachomoa fishi nusu. Odile akaitazama, halafu akamtazama mumewe kuuliza kama ni hiyo, Ruphin akaitika kwa kichwa. Akaitazama tena. Karatasi ilikuwa nyeupe, na jina lilikuwa juu kabisa, na chini yake mistari mitupu mpaka mwisho.

"Sababu ya nini iko peke yake?" akauliza. "Wenzake hawakuandika?"

Ruphin akageukia dirishani. Wiki tatu nzima Latifa alikuwa amemtafuta mwongo ndani ya chumba kile.

"Kitabu hiki ni kigumu, mama," akasema. "Wengine walikishindwa. Alikiweza yeye tu."

Uso wa Odile ukabadilika polepole, kuanzia machoni. Akainua kidevu. Kisha akanyoosha kidole chake kilichopasuka kwa mpini wa jembe, akakiweka mwanzoni mwa jina, akakipitisha juu ya herufi zote kwa utulivu, kwenda na kurudi, namna mtu anavyompapasa mtoto usingizini. Alipokiinua, ncha yake ilikuwa na wino mbichi wa bluu.

Nourdine alikuwa anaita uani kwamba wali umeiva, watu waje na sahani. Odile alikitazama kidole chake. Alimtazama Latifa, muda wa pumzi moja hivi, halafu akatazama mgongo wa mumewe pale dirishani. Akakikunja kidole ndani ya kiganja, akakifumbata, na kwa mkono mwingine akarudisha fishi kwenye mfuko wa kaki na kufunga kitabu.